Nani Anamtajia Orrin Hesabu

Nakutegea wewe unayesoma, na usiruke mbele kutafuta jibu. Ndugu watatu hutoka mdomoni pamoja. Wa kwanza ni wangu, wa pili ni wako, wa tatu hana mwenyewe ila ndiye mkorofi kuliko wote. Wasipotoka wote watatu, mkono haunyanyuki. Ni nini?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe Phoenix, foleni yake siiwezi. Nipe kamji kadogo kenye maji na kivuli. Haya, nimekwenda, nimekula, nimelala, nimerudi, nakujibu: ni hesabu ya pikoboli, ule mchezo wa wawili kwa wawili wa kupigiana mpira wenye matundu kwa vibao juu ya wavu. Kabla hujaanzisha mpira, lazima useme kwa sauti namba tatu. Pointi zetu, pointi zenu, halafu moja au mbili, yaani wewe ni wa kwanza au wa pili kuanzisha kwa upande wenu. "Nne, sita, moja." Hapo ndipo unapiga. Usiposema, hata mpira ukienda vizuri namna gani, tunakurudishia tukuambie hujapiga.

Yule ndugu wa tatu hutusumbua sote hapa Palo Seco, kambi yetu ya matrela ya wastaafu huku Arizona. Tunamsahau kila asubuhi, tunaulizana juu ya wavu, tunacheka, tunaendelea. Kwa hiyo Orrin Haugen alipoanza kumsahau, hakuna aliyeshtuka. Aliyeshtuka ni Twila mkewe, naye hakushtushwa na namba. Alishtushwa na mpira.

Orrin alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe huko kwao South Dakota, na baba yake kabla yake. Mtu aliyesimama jukwaani maisha yake yote akiuza fahali kwa ulimi haiwezekani ataje hesabu kama sisi tunavyoitaja. Yeye aliinadi. Nne-nne-ninayo-nne-nani-ananipa-sita, sita-nimepata, moja, halafu kibao kinapiga. Viwanja vingine vilisimama vimsikilize. Lyle Prokop, fundi bomba mstaafu ambaye trela lake limebanana na la kina Haugen, alikuwa akimjibu kutoka uwanja wa mwisho kwamba atamchukua huyo ng'ombe ila kwanza aonyeshwe meno.

Na pigo lake la kuanzia lilikuwa zuri. Halikuwa la nguvu. Lilipita chinichini juu ya wavu, likaenda kutua mwisho kabisa wa uwanja, kwenye kona, ukabaki unarudi kinyumenyume kama mtu aliyeona nyoka. Unajua, katika mchezo huu kila pigo lingine kuna mtu anakuharakisha. La kuanzia peke yake ndilo lako. Mpira uko mkononi mwako, kila mtu ametulia, anakungoja. Ukilikosea hilo huna wa kumlaumu.

Majira haya ya baridi Orrin alianza kulikosea. Tulipomaliza kula bata mzinga wa sikukuu ya Novemba, mipira yake ilikuwa tayari inaingia kwenye wavu. Mara nyingine ilitoka nje kabisa, na siku moja iliruka uzio ikagonga gari la mtu. Tukampa mawaidha, maana wazee hatuna kingine cha kugawa. Lyle alisema tatizo ni kifundo cha mkono, anakikunja kabla ya wakati. Mama mmoja Mkanada alimpanga miguu kwa chaki. Mimi nilimwambia auachie mpira udunde kwanza ndipo apige, sheria inaruhusu, na mimi ndivyo ninavyofanya kwa sababu ya goti langu. Alitusikiliza sote, akagusa kofia, akasema ahsante. Kesho yake mpira ukaingia kwenye wavu.

Twila akasema basi, watafanya mazoezi wenyewe. Wakawa wanashuka uwanjani jua linapochungulia tu mlimani, wao wawili na ndoo ya mipira. Orrin anapiga upande huu, Twila anaokota upande ule. Na huko, mwenzangu, yote iliingia. Mmoja baada ya mwingine, chinichini, mwisho wa uwanja, kona ileile. Twila aliniambia alikuwa akiiokota kama mayai kwenye kiota kimoja.

Mwanzoni alifurahi. Alirudi nyumbani akakaanga mayai akiimba. Lakini saa tatu, wakishaingia uwanjani na watu, wavu. Wavu tena. Asubuhi mayai kwenye kiota, saa tatu wavu.

Asubuhi moja akamwambia, kwa utani tu, ataje hesabu kabla ya kupiga ili yafanane na mchezo wenyewe.

"Hesabu gani?" Orrin akauliza.

"Yoyote, mzee wangu. Sema tatu, tano, mbili."

Orrin akafungua mdomo. Akasema tatu. Akasema tatu tena. Kisha akautazama mpira kiganjani kana kwamba namba zilizobaki zimeandikwa kwenye yale matundu yake. Twila alisimama na ndoo yake, akimngoja. Orrin hakumaliza. Alipiga hivyohivyo, mpira ukagonga nguzo ya wavu ukarudi kumfuata mwenyewe.

"Usinisemeshe ninapopiga, mama," akasema.

 Twila aliinama akaokota, na alipokuwa ameinama alielewa kwamba kifundo cha mkono ni kizima, miguu ni mizima, na jicho halina kasoro. Mkono wa Orrin ulikuwa unajua kazi yake. Ulikuwa unaharibiwa na ile safari ndogo ya kwenda kutafuta namba tatu na kurudi nazo.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hilo lilimtisha namna ile. Baba yake Orrin alimalizia maisha kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwanadia wauguzi viti walivyokalia. Kabla ya hapo alikutwa shambani kwenye theluji na ndara za nyumbani. Aliyemkuta ni mjukuu wake, Rochelle, binti pekee wa Orrin na Twila, akiwa bado anasoma. Rochelle hajasahau. Vuli iliyopita Orrin alipokosea njia ya kurudi nyumbani kutoka dukani, njia aliyoipita tangu ujana, Rochelle alikaa na mama yake jikoni akamwambia waziwazi. Nendeni Arizona msimu huu. Lakini Februari nakuja, na nikiona kitu, chochote, trela linauzwa, baba hashiki usukani tena, na mnakuja kukaa karibu na mimi ambapo naweza kuwaona. Hakusema kwa ukali. Twila aliniambia afadhali angesema kwa ukali, angepata pa kubishia.

Na Twila hakuogopa baridi ya Dakota wala hakupenda jua kupita kiasi. Aliogopa kiti kilichoko dirishani kule nyumbani. Orrin akiwa kule majira ya baridi hukaa kwenye kile kiti akatazama barabara. Huku Orrin ni Orrin. Watu wanamwita kutoka mbali, wanamtania, wanamngoja uwanjani. Kumwondoa Palo Seco, kwa hesabu ya Twila, ilikuwa ni kumkalisha kwenye kile kiti asiinuke.

Basi akatafuta njia, na njia aliyoipata ilikuwa koo.

Nilikuwepo siku ile. Ilikuwa zamu ya Orrin kuanzisha, ameshika mpira, kimya kimeanza kurefuka, na Lyle ng'ambo ya wavu ameshaanza kujinyoosha kiuno. Twila akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee wangu, na koo lako hilo, niachie mimi nikutajie." Akatugeukia akatuambia daktari amemkataza kupaza sauti. Sheria yetu inaruhusu mwenzako akutajie kama sauti ina tatizo, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Orrin alimtazama mkewe. Nilidhani ni ile namna ya kumtazama mtu aliyekusemea bila kukuuliza. Kisha akakohoa, kikohozi kidogo.

"Saba, tatu, mbili," Twila akataja.

Mpira ukapita chinichini ukatua kona. Lyle alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa uzio.

Kuanzia siku hiyo Orrin hakukosea. Kweli, sikuongezei chumvi. Mke anataja, mume anapiga, mpira unaenda anakotaka. Ukawa mzuri hata kuliko zamani, maana zamani alikuwa anapoteza pumzi kwa kunadi, na sasa pumzi yote ilikuwa yake. Lyle alitangaza kwenye bwawa letu la kuogelea kwamba ni yeye aliyemponya, ni kile kifundo cha mkono, na kwamba akienda kuzimu atakwenda anajua alifanya jambo moja jema. Watu wakaanza kumwomba Orrin awafundishe. Jumanne moja wakajipanga mstari, wazee wazima na vibao vyao, naye akawaonyesha kwa mkono kwa sababu ya koo, akisema maneno machache kwa kunong'ona. Mkono uachie ulegee. Usiupige mpira kama unaugombeza, urushe kwa chini kama unawamwagia kuku mahindi. Chagua pa kutua kabla hujaangalia watu. Ukishachagua, usibadili.

Mimi nilipanga mstari na goti langu. Na ilinisaidia, siwezi kusema uongo.

Kila mtu alifurahi isipokuwa Twila. Kila mpira uliotua vizuri ulimwambia jambo lilelile alilotaka usimwambie. Kama ungeingia wavuni mara mojamoja hata yeye akitaja, angeweza kusema ni uzee tu, ni mkono, ni upepo. Haukuingia. Kila asubuhi ulimpa ushahidi mbele ya umati unaopiga makofi.

Akaanza kukonda. Ilibidi ashike hesabu yake na ya Orrin pia, na asikosee hata mara moja, maana akikosea watu watamgeukia Orrin. Alishika namba akiwa uwanjani, akaendelea kuzishika akiwa hayupo uwanjani. Unamkuta anaosha vyombo anasema sita, nane, moja. Unamsalimia anakuitikia amechelewa. Mfukoni alijaza pipi za koo, na kila watu walipokaribia alimpa Orrin moja, naye Orrin, maskini, alizinyonya zote, mpaka ulimi ukawa mwekundu kama wa mtoto. Pigo la Twila mwenyewe la kuanzia likaharibika. Hakuna aliyemwambia kitu, tulidhani ni zamu yake ya kukosea.

Mimi nilijua siku ya kufua. Tulikuwa wawili tu kwenye chumba cha mashine, yeye anakunja taulo, na mimi kwa mazoea yangu nikamtegea kitendawili kumchangamsha. Badala ya kunipa mji akaanza kulia. Akaniambia yote, kuanzia ile nguzo ya wavu mpaka pipi. Akaniambia Rochelle anakuja Ijumaa, na Jumamosi ni mashindano yetu na watu wa kambi ya jirani ya Mesquite Flats, na wao wawili wamepangwa kucheza. Angeweza kujitoa, lakini Rochelle angeuliza kwa nini. Angeweza kucheza, lakini Rochelle ana macho.

Nilimwacha alie. Kisha nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikwama tangu alipoanza kusimulia.

"Na Orrin? Mwenyewe anajua?"

Twila alikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena. Mashine yake ikalia kwamba imemaliza. Akatoa nguo, akazitia kwenye kapu bila kuzikausha, akaondoka nazo zikidondosha maji njia nzima.

Rochelle alifika Ijumaa mchana. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye mikono ya baba yake. Alinikumbatia kama alivyozoea, akaniita bibi Oleta, akaniuliza goti. Chakula cha jioni nilialikwa, na nilikaa pale nikiwa na jasho kama mimi ndiye ninayefichwa. Twila alimalizia kila sentensi ya Orrin. Orrin akianza kusimulia habari ya mbwa wa Lyle, Twila anamrukia anaimaliza. Rochelle akimuuliza baba yake jina la daktari wa koo, Twila anajibu. Nilimwona Rochelle anashusha uma, anamtazama mama yake, si baba yake, anamtazama taratibu.  Kisha akasifu nyama.

Jumamosi jua lilitoka bila upepo, siku ya kuchezea. Niliweka kiti changu cha kukunja karibu na uwanja, na Rochelle akaweka chake kando yangu.  Ng'ambo ya wavu alikuwapo bwana mmoja mrefu wa Mesquite Flats, Garrick, mwenye kofia nyeupe, na dada yake. Watu waungwana, siwezi kuwasema vibaya.

Mchezo wa kwanza ulipoanza na Twila akataja hesabu huku Orrin ameshika mpira, Rochelle akageuka.

"Bibi Oleta, kwa nini mama ndiye anayetaja?"

Nikasema koo. Akauliza tangu lini. Nikasema hayo amuulize mama yake, nikampa pakiti ya mbegu za alizeti. Aliipokea, akaishika, hakuifungua.

Orrin alikuwa anapiga vizuri sana. Kona, kona, mwisho wa uwanja. Watu wa Mesquite Flats wakaanza kunong'ona kumhusu. Mchezo wa kwanza Orrin na Twila wakaushinda, wa pili wakapoteza, kwa sababu Twila alikuwa anapiga mipira kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Ukabaki wa tatu. Huo walikwenda nao bega kwa bega, na kila Twila alipofungua mdomo kutaja, mimi nilitaja naye kimoyomoyo, nikibana mikono ya kiti.

Ikafika kumi kwa tisa, sisi tunaongoza, ikibaki pointi moja tushinde. Twila alikuwa ameanza yeye, akapoteza, kwa hiyo sasa ilikuwa zamu ya Orrin, wa pili. Rahisi. Mtoto angeitaja. Orrin akashika mpira, akachagua kona yake, akangoja.

"Tisa, kumi, mbili," Twila akataja.

Garrick akanyanyua mkono, akasema kwa upole kwamba amegeuza. Twila akasema samahani. Akavuta pumzi.

"Kumi, tisa, moja."

Dada yake Garrick akasema hapana, huyo bwana ni wa pili, au siyo? Wakaanza kujadiliana wao kwa wao, nani alianza, nani alifuata. Twila akafungua mdomo kwa mara ya tatu na hakikutoka kitu. Midomo ilikuwa inacheza. Namba alizozibeba kwa majuma yote yale zilikuwa zimemwagika zote kwa mpigo, na nilimwona anatazama saruji kana kwamba ataziona chini.

Garrick, kwa nia njema kabisa, akasema jambo ambalo mtu yeyote angelisema. Akasema tumuulize anayepiga.

"Bwana, wewe unasema ngapi?"

 Lyle, nyuma ya uzio, akashusha kikombe chake cha kahawa. Rochelle akasimama, na zile mbegu zikaanguka. Orrin alikuwa amesimama na mpira kiganjani, kofia imemfunika macho, na Twila amemgeukia na uso ambao sitaki kuuona tena kwa mtu ninayempenda.

"Wewe ungetoa ngapi?" Orrin akasema.

Alisema kwa sauti yake. Ile sauti kubwa ya jukwaani, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu koo. Ilipita juu ya uzio ikaenda mpaka bwawani.

Garrick akacheka. "Kumi, tisa, mbili," akasema.

"Kumi, tisa, mbili," Orrin akasema, akapiga kibao chake kwenye kiganja. "Amechukua bwana mwenye kofia nyeupe."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lyle akapaza sauti kwamba koo limepona siku ya soko, kama kawaida ya madalali. Mimi nilicheka pia, kwa ahueni tu. Kisha nikamtazama Rochelle, na yeye hakuwa anacheka. Huyu mtoto alikulia chini ya jukwaa, akicheza kwenye vumbi la ng'ombe huku baba yake akiuza. Alijua kitu ambacho sisi wengine hatukukijua, akakisema polepole, kwangu au kwake mwenyewe, sijui.

"Baba hajawahi kumuuliza mnunuzi bei. Huitaja yeye."

Orrin akapiga. Mpira ukaenda ulikotumwa. Garrick akarudi nyuma, akaunyooshea mkono, akauingiza kwenye wavu, na ikawa kumi na moja. Wakaja wavuni wote wanne wakagonganisha vibao kama desturi. Twila aligonga cha kwake akiwa ameshikilia wavu kwa mkono wa pili.

Baadaye tulikaa kwenye meza ya kivulini, sisi wanne. Kulikuwa na saladi ya viazi, kuku wa baridi, na maji ya limau kwenye jagi. Watu walikuwa wanapita kumpongeza Orrin, wanampiga begani, mmoja anataka aonyeshwe tena ile namna ya kumwaga mahindi. Lyle alikuja akasimama kwa muda akijisifu, akaona nyuso zetu, akasema kahawa yake imepoa, akaondoka. Twila alikuwa anapakua. Alimpakulia Orrin, akampakulia Rochelle, akanipakulia mimi, akaanza tena kumpakulia Orrin ambaye sahani yake ilikuwa imejaa.

Rochelle akasogeza sahani yake pembeni.

"Baba," akasema, "koo lako halina kitu. Kwa nini mama ndiye anayekutajia hesabu?"

Twila akaanza mara moja. Vumbi la huku, akasema, na daktari alishauri, na tena si kila siku, ni wakati wa mchezo tu, na zile pipi zinasaidia sana, ziko mfukoni hapa kama Rochelle anataka kuziona. Alizitoa kweli, akaziweka mezani karibu na jagi, na mkono wake ukabaki juu yake.

Rochelle hakumtazama. Alikuwa anamtazama baba yake, anangoja, na nilijua angengoja mpaka jua lizame.

Orrin alivua kofia. Nywele zilikuwa zimelala kwa jasho. Akanyoosha mkono akauweka juu ya mkono wa mkewe, juu ya zile pipi, na Twila akanyamaza katikati ya neno.

"Kwa sababu sizikumbuki," akasema. "Mama yako anadhani sijui. Nilimwachia, maana alikuwa anazitaja vizuri."